Mshushe mtoto chini: namna ya kumfuatilia anavyokua, kutoka uani kwangu Goma

Mwezi uliopita mama mmoja anayeuza vikwembe, yaani vitenge, alinijia jioni, mtoto mgongoni, uso umemshuka. "Mama mkubwa," akasema, "huyu amefunga mwaka na hatembei. Wa jirani alitembea na miezi kumi. Nimpake nini magotini?"

Nikamwambia asimpake kitu. Nikamwuliza mtoto anashinda wapi mchana. Mgongoni mwa dada yake, akasema. Na usiku? Kitandani. Nikamwuliza lini mara ya mwisho mtoto aliachwa chini, akageuka na kujivuta apendavyo. Alifikiri sana, hakukumbuka. Kesho yake akaniletea, akawa mtoto wa sita uani kwangu.

Naishi Ndosho, mtaa wa Goma, mashariki ya Kongo. Kazi yangu ni kulea watoto wa wanawake wanaotoka alfajiri kutafuta maisha, wengi sokoni Virunga, mmoja kule Kituku mitumbwi inapofikisha sambaza, vidagaa vya Ziwa Kivu. Wananiachia mtoto na kikombe cha unga wa uji, jioni wanamchukua. Nina miaka 14 katika kazi hii. Majina ya watoto siyaandiki. Nitawaita kwa biashara za mama zao, kama tunavyoitana hapa nyumbani: wa nyanya, wa makala (ndiyo mkaa), wa sambaza, wa vikwembe, na mapacha wa maandazi.

Hakuna mama wa Goma anayembeba mtoto kutwa kwa kupenda. Ardhi yetu ni mawe ya volkano, makali kama chupa iliyovunjika. Nyumba ni za mbao, chumba kimoja au viwili, mbabula, jiko la mkaa, katikati. Ukimweka chini ataumia, basi unamfunga mgongoni na moyo unatulia. Mgongo ni mahali pazuri, mtoto anasikia joto lako na sauti yako. Lakini mguu usiokanyaga utaijuaje njia? Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, OMS tunavyoliita huku, lilitoa mwongozo kwamba mtoto mdogo asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja kwa mfululizo, na mgongo wa mlezi ukatajwa kwa jina. Mimi nilikuwa nimeshaliona jambo hilo kwa watoto wangu, ila nilifurahi kulisikia kwa wengine.

Kwanza tafuta mahali

Huhitaji chumba. Mimi nilitenga kona ya ukuta, hatua tatu kwa mbili. Tuliokota mawe yote, tukamwaga mchanga, juu yake turubai, juu ya turubai mkeka. Kila asubuhi napitisha kiganja mkeka mzima kabla ya kumweka mtoto, maana kokoto moja inatosha kumkata goti, na kifungo kimoja kinatosha kumkaba. Kama una chumba kimoja tu, sukuma kitanda ukutani utandike nafasi inayobaki. Hatua mbili zinamtosha mtoto wa miezi sita.

Mbabula ihamie upande mwingine wa nyumba, juu ya meza ya mawe. Mtoto anayetambaa anafika mbali wakati wewe unageuka tu kuchukua chumvi. Beseni lililobaki na maji ya kufulia limwagwe mara moja, bidoni (madumu ya maji) zifungwe, tangi la mvua liwe na kifuniko kizito. Maji ya kufika kiganjani yanaweza kumwua mtoto aliyeanguka kifudifudi.

Jambo moja ni letu sisi wa upande huu wa ziwa. Ukikaa Himbi, Keshero, Bulengo au kuelekea Sake, uliza wazee mahali penye mazuku kabla ya kumshusha mtoto. Mazuku ni hewa mbaya inayotoka ardhini, haina rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inatulia mabondeni na kwenye mashimo, zaidi usiku na alfajiri upepo usipovuma. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mbuzi anakufa, na mtoto anayetambaa ana kimo cha mbuzi. Mkeka wake uwe mahali palipoinuka penye upepo, na asicheze kamwe shimoni, hata shimo la choo lisilokwisha kuchimbwa.

Miezi sita ya kwanza

Mtoto mchanga anaona vizuri umbali wa sentimita 20 hadi 30, ambao ndio umbali kutoka titi hadi uso wako. Kitu chake cha kwanza cha kuchezea ni uso huo. Mwangalie anaponyonya. Toa ulimi polepole, ngoja. Sema neno, ngoja. Wengi wanasema na mtoto lakini hawamngoji, na kungoja ndiyo kazi yenyewe. Mngoje kama unavyomngoja mteja anayehesabu noti zake: usimharakishe, usiangalie pembeni. Atasogeza mdomo, atatoa sauti, na hapo zamu inarudi kwako. Karibu na miezi miwili atakupa tabasamu ambalo si la usingizini, ni la kukujibu.

Kila siku, akiwa macho na ameshacheua, mlaze kifudifudi kwenye mkeka nawe ulale mbele yake. Anza na dakika mbili tatu. Atalalamika. Mwinue, umrudishe baadaye. Ukizikusanya hizo dakika zikafika nusu saa kwa siku, shingo itakaza, mabega yatapata nguvu, na miezi minne ikifika kichwa hakitayumba tena. Karibu na miezi sita atajigeuza. Usingizini lakini, mlaze chali, kila mara.

Mapacha wa maandazi walizaliwa na wiki 32. Mama yao alikuwa akilia kwa sababu na miezi minne walikuwa kama wa miezi miwili. Walikuwa na haki ya kuwa hivyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa umri wake kwa kutoa zile wiki alizodaiwa tumboni, hadi afike miaka miwili. Nane tulizitoa, machozi yakakauka.

Katika miezi hii maziwa ya mama peke yake yanatosha, hata maji hapana.

Kukaa, kutambaa, kusimama

Hapa ndipo majirani wanaposhindanisha watoto, na hapa ndipo naomba mnisikilize. Mwaka 2006 OMS ilichapisha matokeo ya kufuatilia watoto wenye afya kutoka Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Kukaa bila kushikwa kulitokea kati ya miezi 4 na miezi 9. Kusimama kwa kushikilia kitu, kati ya miezi 5 na 11. Kutembea peke yake, kati ya miezi 8 na miezi 17 na nusu. Angalia upana wa dirisha hilo: karibu miezi kumi kati ya wa kwanza na wa mwisho, na wote walikuwa wazima. Watoto kama wanne katika kila mia hawakutambaa kwa magoti kabisa. Walijiburuta kwa matako au wakainuka moja kwa moja.

Kwa hiyo wa vikwembe, na miezi yake 12, hakuwa amechelewa. Lakini hiyo haimaanishi tukae tukingoja. Alipofika kwangu nilimweka mkekani akakaa pale pale nilipomweka, mikono juu ya mapaja, kama mgeni asiyekaribishwa. Hakujua kwamba anaruhusiwa kwenda. Nikaweka kifuniko cha sufuria mbele yake, mbali kidogo kuliko mkono wake. Hakukifuata. Nikakisogeza karibu, akakigusa, kikalia, akashtuka na kucheka. Siku ya pili nikakiweka mbali tena. Siku ya nne alianguka mbele kwa mikono miwili akikifuata, akabaki hivyo, hajui afanye nini na makalio yake. Sikumwinua. Ni vigumu kutomwinua, mkono unakwenda wenyewe, lakini nilikaa juu ya mikono yangu.

Vifaa vyangu ni hivi. Bidoni ya lita tano yenye mchanga chini, isianguke anapojishika. Benchi fupi, vitu anavyovipenda juu yake, ili ainuke avifuate na atembee kwa upande akiishikilia. Bidoni zilizokatwa na kusuguliwa kingo, za kusukuma. Miguu iwe mitupu, vidole vijifunze kukamata ardhi. Ukimsaidia kutembea, mshike kiunoni, usimning'inize kwa mikono miwili juu ya kichwa, maana hapo wewe ndiye unayetembea. Na vile viti vya magurudumu wanavyouza mjini, ambavyo mtoto anatumbukizwa katikati, usinunue. Havimharakishi kutembea, vinamwangusha, na kwa mawe yetu anguko moja ni la hospitali.

Mikono nayo inakua. Karibu na miezi tisa au kumi, mtoto huacha kuzoa kwa kiganja na huanza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada. Mpe maharage yaliyoiva sana, moja moja, au vipande vya parachichi. Atachafuka, mwache. Karanga nzima asipewe kabla ya miaka mitano, inaingia njia ya pumzi.

Nguvu ya kucheza inatoka sufuriani. Tangu miezi sita, pamoja na kunyonya, uji uwe mzito, unaobaki juu ya kijiko ukikigeuza. Wangu ni wa sosoma, unga wa soya, mtama na mahindi, na ndani yake natia sambaza waliokaushwa na kusagwa unga, kijiko kimoja, na tone la mawese. Mchana viazi vilivyopondwa na lengalenga (mchicha), yai likipatikana. Mtoto aliyepoa, asiyetaka kucheza, mara nyingi ana njaa ya muda mrefu ambayo tumbo lenyewe limeshaacha kuilalamikia. Ule utepe wanaozungusha mkononi kwenye kupima kilo unaujua: chini ya sentimita 12 na nusu ni manjano, chini ya 11 na nusu ni nyekundu, na nyekundu haingoji kesho. Vitamini A wanayowapa watoto kila miezi sita, tangu miezi sita hadi miaka mitano, usiiruke.

Masikio kabla ya ulimi

Sehemu hii ningependa muisome hata kama mnaruka nyingine.

Miaka kadhaa nyuma nililea mvulana, wa kwanza wa muuza makala. Alikaa na miezi mitano, akatembea na kumi. Alikuwa fahari ya uani. Kila mama aliyekuja jioni nilimwonyesha: mwone huyu, mwanamume. Miguu yake ilinipofusha. Alipofika miaka miwili hakuwa na neno hata moja, nikasema wavulana huchelewa. Nilimwita, hakuja, nikasema ni mkaidi. Mara mbili nilimchapa kwa ukaidi huo.

Alikuwa na miaka miwili na nusu siku dada yake mkubwa alipoangusha bidoni tupu nyuma yake, sakafuni. Watoto wote waliruka. Yeye aliendelea kupanga vifuniko vyake. Dada akanitazama, nami nikamtazama, tukajua. Hospitalini walimpima wakasema hasikii, na huenda hakuwahi kusikia vizuri tangu uchanga. Nilimwomba radhi nyumbani, kwa mikono, maana kwa mdomo asingenisikia. Leo yuko shuleni, shule ya watoto viziwi, na ishara nazijua kiasi cha kugombana naye kuhusu chakula. Lakini ile miaka miwili ya mwanzo, ambayo angeweza kupewa lugha ya mikono tangu asubuhi hadi jioni, nilimnyima mimi nikishangilia miguu yake.

Tangu hapo, kila mtoto anayeingia kwangu napima masikio kabla ya kitu kingine, na nawe fanya hivi. Mchanga: piga makofi karibu naye bila kumpulizia upepo, anashtuka, anakonyeza, au anaacha kunyonya kidogo. Kuanzia miezi sita: simama nyuma yake asikuone, mtu mwingine akiwa mbele amtulize, kisha tingisha kikombe chenye mchele upande mmoja, polepole. Anapaswa kugeuka. Rudia upande wa pili, siku nyingine rudia tena. Miezi tisa hadi kumi na mbili: mwite jina lake kwa sauti ya kawaida bila kusogea, maana mtoto asiyesikia hufuata kivuli na mtikisiko wa hatua zako. Usidanganywe na sauti zake, kwa sababu hata mtoto kiziwi hubwabwaja miezi ya mwanzo, kisha sauti hupungua. Na sikio linalotoa usaha si jambo la kupangusa kwa pamba na kusahau. Linatibika, na lisipotibiwa linakula usikivu.

Masikio yakiwa salama, maneno yanakuja kwa mpangilio ambao unaweza kuufuata. Baina ya miezi sita na tisa ni bababa, dadada. Karibu na mwaka ni neno moja au mawili yenye maana, kupunga mkono, kunyoosha kidole kuomba kitu. Miezi 18, ananyoosha kidole si kuomba tu bali kukuonyesha: tazama, ndege! Kidole hicho nakithamini kuliko hatua ya kwanza, kwa sababu maana yake ameshajua kwamba wewe una akili yako na anataka kuiweka pamoja na yake. Miaka miwili anaunganisha maneno mawili: mayi ingine, mama kuya. Miaka mitatu, hata mgeni akija nyumbani anaelewa sehemu kubwa ya maneno ya mtoto.

Unamlishaje maneno? Kwa kazi zako. Nikichambua maharage nasema: hili jekundu, hili limetobolewa, hili tunatupa. Wa nyanya ana miezi 20 na neno lake ni "moto". Hapa kwetu moto ni ule wa mbabula, na moto ni pikipiki pia. Kwa hiyo akisema "moto" kwanza naangalia macho yake yanaelekea wapi. Yakielekea barabarani namwambia: ndiyo, moto inapita, imebeba watu wawili. Yakielekea jikoni: ndiyo, moto unawaka, una joto, usiguse. Fuata macho yake kabla ya kumjibu. Neno linalokuja juu ya kitu anachokitazama linakaa, na linalokuja juu ya kitu unachokitazama wewe linapita.

Wengine wananiuliza kuhusu lugha nyingi. Hapa mtoto mmoja anasikia Kinande kwa bibi, Kinyarwanda kwa baba, Kiswahili uani, Kifaransa kwa redio. Lugha nyingi hazimchelewishi. Ukihesabu maneno yake, hesabu yote pamoja: akisema maziwa kwa lugha moja na paka kwa nyingine, ana mawili. Sema naye kwa lugha unayoiota usiku, maana hiyo ndiyo una utani na hadithi ndani yake. Kumkata kilimi hakumfanyi aseme, kunampa kidonda na pengine kutokwa damu kusikokoma. Na simu uliyompa ili atulie haimfundishi kusema, kwa sababu haimngoji. Mwongozo ule wa OMS wa 2019 haupendekezi kabisa kumkalisha mbele ya simu au televisheni mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili, na kwa wa miaka miwili hadi minne hauruhusu zaidi ya saa moja kwa siku.

Baada ya miaka miwili

Hapa napita haraka, kwa kuwa mtoto aliyefika hapa akiwa na lugha na miguu anakuonyesha mwenyewe anachotaka. Miaka miwili anakimbia na kupiga teke mpira wa mifuko. Miaka mitatu anasimama kwa mguu mmoja kidogo na kuchora kitu kinachokaribia duara. Miaka minne anaruka kwa mguu mmoja, anasimulia jambo la jana. Miaka mitano anavaa nguo mwenyewe na kuhesabu hadi kumi. Wavulana wa jirani wamechonga chukudu ndogo, baiskeli ya mbao ya kusukuma, gurudumu na yote, na nimeomba wasichana nao waisukume, maana mizani ya mwili haina jinsia.

Ninachokitafuta zaidi umri huu ni mchezo wa kuigiza. Wa sambaza, miaka mitatu, hupanga kokoto mafungu mafungu juu ya kipande cha kitenge na kutuuzia, na anakataa bei. Nami nalipa kwa majani, narudishiwa chenji. Mtoto anayeweza kusema jiwe hili ni samaki ameshaingia kwenye akili ya kusoma na kuandika.

Choo, kwa wengi, kinakuja kati ya miaka miwili na minne. Kipigo hakikileti mapema.

Dada wa miaka tisa

Nyumba nyingi mlezi wa kweli wa mchana ni dada mkubwa. Ningetaka awe shuleni, na nimegombana na baadhi ya wazazi kwa hilo. Lakini saa za baada ya shule anabaki naye, na hakuna anayemfundisha. Mfundishe mambo matatu tu. Kwanza, akishafika nyumbani amfungue mgongoni. Pili, mtoto akitoa sauti, amjibu. Tatu, mtoto akiwa na joto kali, akikaukwa machozi au akilegea, asimwogeshe wala asingoje jioni, amwite mtu mzima mara moja. Kisha mshukuru mbele ya watu. Yeye pia ni mtoto, na ana hatua zake za kukua ambazo anazitembea na mzigo.

Wewe mama unayerudi saa kumi na mbili jioni, umechoka, usijihukumu. Una bafu na una chakula. Dakika hizo za kumwogesha, simu iwe mbali, sema naye viungo vyake kimoja kimoja. Baba akirudi, mpe mtoto ashikwe na mikono mingine. Sauti nzito inamfundisha kitu ambacho yako haiwezi.

Mtoto anaporudi nyuma

Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, ulipopasuka, tulitembea usiku na watoto, wengine kuelekea Sake, wengine kuvuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda. Tarehe 27 tuliambiwa tutoke tena. Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini, tukalala chini ya vitanda. Mara zote mbili niliona jambo lile lile: mtoto aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani anaanza tena, aliyekuwa akisema sentensi anabaki na neno moja, anayetembea anataka mgongo.

Basi hapo nageuza shauri langu lote. Mbebe. Akitaka mgongo mpe mgongo, hata kama ana miaka minne. Lala naye karibu, chakula saa ile ile, wimbo ule ule wa kulala, kwa sababu kitu kinachojirudia ndicho kinachomwambia kwamba dunia bado ipo. Mwambie ukweli mfupi: ile ilikuwa bunduki, iko mbali, mimi niko hapa. Wa makala, mdogo wa yule mvulana wangu, kwa wiki nzima alicheza kufunga kifurushi na kukimbia kuzunguka nyumba. Mama yake alitaka kumkataza. Nikamwambia amwache, tena akimbie naye, na mwisho wa mchezo wawe wanarudi nyumbani. Wengi hupata hatua zao tena katika wiki chache. Ukipita mwezi na bado halali, hali, hachezi, mpeleke.

Mtoto anayepoteza maneno au hatua bila hofu yoyote iliyopita, huyo ni mwingine. Usimngojee.

Ukienda kituo cha afya

Nenda bila kungoja siku ya kilo ukiona haya: miezi mitatu hakutabasamulii wala hakutazami, miezi tisa hawezi kukaa hata ukimshika, mwaka haitikii jina, miezi 18 hatembei, au hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, miaka miwili hana maneno mawili ya kuunganisha. Pia mwili mgumu kama ubao au laini kama kitambaa. Pia mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka: watu husema huyu atakuwa wa kushoto, lakini umri huo mikono yote miwili inapaswa kufanya kazi, na ule usiotumika unataka kuangaliwa. Na kila mtoto aliyepona malaria ya kichwa au uti wa mgongo apimwe masikio, hata kama anaonekana mzima.

Usiende na maneno "hakui vizuri." Muganga wa kituo ana watu arobaini mlangoni. Nenda na daftari. Mimi ninalo la kurasa 48, kila mtoto ukurasa wake, tarehe na kitu kimoja nilichokiona kwa macho. Kama una simu, mpige video ya nusu dakika akiwa nyumbani, kwa sababu mbele ya koti jeupe mtoto hujificha. Wakikwambia atakua tu, uliza: nirudi lini, na nikiona nini? Andika jibu hapo hapo.

Ukurasa wa wa vikwembe una mistari kumi na mmoja sasa. Wa mwisho ni wa Jumanne: "Amejiinua kwa bidoni. Ameiachia. Amesimama peke yake nikahesabu hadi nne, kisha akakaa akanitazama kama nimeona."

Niliona. Jioni nilimsomea mama yake, naye akavua kitenge cha kumbebea, akakikunja, akakitia mkobani, wakaenda nyumbani amemshika mikononi.